Udongo Mweupe wa Kibaraza cha Mama

Mwanangu, umeniuliza kibaraza unachomjengea mama yako ukisakafie kwa kitu gani, nami tangu asubuhi nazungukazunguka bila kukujibu. Si kwamba sijui. Najua, tena najua vibaya. Nakumbuka siku moja wakati wa Mjerumani, siku niliporudi nyumbani kutoka Gulwe, reli ilipokuwa ikijengwa. Kichwa changu kilikuwa kimejaa nyumba moja tu, ile ya bwana msimamizi wa reli, iliyopakwa chokaa ikang'aa hata ukafumba macho.

Mama yangu alikuwa mgonjwa wa miguu. Alikuwa na ombi moja, nimjengee kibaraza mbele ya mlango wa tembe letu, chenye kipaa, yaani paa dogo la miti na udongo juu ya nguzo, apate kuketi nje mchana badala ya kulala gizani na moshi.

"Chukua udongo wa kichuguu, uchanganye na mavi ya ng'ombe," akaniambia. "Shangazi zako watakuja kuupiga."

Udongo wa kichuguu! Mimi niliyeona chokaa! Nikaenda hadi mbuga ya Bahi, nikabeba udongo mweupe wa chumvi, ule ambao wanawake huuchuja na kuuchemsha kupata chumvi ya mboga. Ulikuwa mweupe kweli. Nilijua ng'ombe wanaulamba, nani kwetu asiyejua? Lakini nikajiambia nikishaushindilia na kuukausha juani, watauona ni sakafu tu.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alinikuta nikiushindilia kwenye mashina ya nguzo mbili za kipaa. Akachukua udongo kidogo, akauweka ulimini, akatema.

"Mpwa wangu, ng'ombe wanalala uani humu humu. Unawatilia chumvi mlangoni?"

"Mjomba, mambo ya zamani hayo," nikamjibu. "Wewe hujafika Gulwe."

Naona aibu kukusimulia hata leo. Mjomba ndiye aliyenilea baba alipokufa. Alinitazama, akachukua fimbo yake, akaenda zake. Hakurudi kwetu msimu mzima.

Kibaraza kilipendeza, sikufichi. Majirani walikuja kukitazama. Mama akaketi juu yake siku ya kwanza, akakipapasa kwa kiganja, akasema, "Mwanangu amenitoa gizani." Maneno hayo yananichoma kuliko tusi lolote nililowahi kutukanwa.

Ng'ombe walianza wiki ile ile. Kila asubuhi nilikuta mashimo laini ya ndimi zao, zaidi pale penye nguzo, kwa sababu pale niliujaza udongo mwingi. Mama akaniambia, "Mwite mjomba wako." Nikasema nitatengeneza mwenyewe. Nikayaziba mashimo kwa udongo ule ule mweupe. Wakala tena, nikaziba tena. Nilikuwa nawalisha ng'ombe nyumba yangu, mwanangu, na kumwomba mjomba radhi kulinishinda.

Mvua ya kwanza ilinikuta shambani, mchana, nikipanda mtama. Wewe umekulia chini ya bati, hujui kipaa cha udongo kinavyokuwa kizito kikilowa. Nikasikia yowe. Nikakimbia. Udongo wangu mweupe ulikuwa umeyeyuka ukawa uji, nguzo zote mbili zimelala, na kipaa kizima kiko chini. Tulifukua kwa mikono, mimi na majirani. Tulipomfikia, mama alikuwa ameshakata roho. Uji mweupe ulikuwa umemjaa kwenye nywele. Miguu ile isingeweza kumkimbiza, nami nilikuwa nalijua hilo tangu mwanzo.

Mjomba alikuja mazikoni. Hakunilaumu. Laiti angenipiga fimbo! Baada ya matanga alibeba udongo wa kichuguu kwa mabega yake mwenyewe, akasimamisha nguzo upya, akasakafia kibaraza kama dada yake alivyotaka. Nilipomwendea kumsaidia, alisema tu, "Acha, nitamaliza." Kilikuwa imara kile kibaraza. Kilidumu miaka mingi, na sijawahi kukikalia hata siku moja. Mnaniona naketi chini kwenye vumbi mnadhani ni ukaidi wa uzee.

Basi jibu langu ni hili. Saruji au mawe au kichuguu, mimi sikuchagulii. Kamuulize atakayekaa hapo anataka nini, halafu umjengee hicho hicho. Angalia ni nani mwingine anapita juu yake, mtu au mnyama, na maji yakija yatapita wapi. Mkubwa akikukosoa, nyamaza umsikilize. Na ukiona umekosea, vunja siku ile ile, usizibe. Sijui kama yatakusaidia. Mimi niliambiwa yote hayo na hayakunisaidia.

Mungu aipe mikono yako usikivu ambao yangu haikuwa nao. Umjengee mama yako kibaraza, naye akikalie mpaka achoke mwenyewe, ainuke kwa miguu yake, aingie ndani.