Siku Niliyosema Mtandao Hakuna

Chuoni nilikuwa hodari wa somo la mitandao. Hata leo niamshe usingizini, nitakutajia: wa mtu mmoja na simu yake, wa jengo moja, wa mji mzima, na ule mpana unaovuka nchi na nchi. Nitakuongezea na matumizi, upi ni wa watu wa ofisi tu na upi ni wa kila mtu. Ndiyo maana sina pa kujificha.

Nilikaa mapokezi katika kituo kimoja cha afya, huku kwetu kando ya Ziwa Nyasa. Asubuhi ile intaneti ilikatika. Kilichokatika ni ule mtandao mpana, wa kupeleka taarifa wilayani. Ule wa jengo ulikuwa mzima: waya wa bluu ulitoka maabara, ukapita ukutani, ukaingia kwenye kompyuta yangu na majibu ya vipimo. Lakini nilikuwa nimeshaonja utamu wa kusema "mtandao hakuna", maana mgonjwa habishani na mtandao. Nikawaambia hivyo wote waliokuja, nikarudia chai yangu na mihogo.

Akaja bibi mmoja kutoka Liparamba, mjukuu mgongoni, anachemka homa. Mtoto alikuwa amepimwa damu siku iliyotangulia, na dawa isingetolewa bila majibu.

"Shikamoo, bibi. Mtandao hakuna."

"Marahaba. Huo mtandao unatoka mbali, baba?"

"Mbali sana."

"Basi nitaungoja."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa hatua ishirini, kutoka maabara hadi mezani.

Aliketi kwenye benchi mpaka saa saba. Mtoto alilia, kisha akanyamaza, na kunyamaza kule kulinitia hofu. Sikufungua faili lake kwenye kompyuta. Nikilifungua sasa, nitasema nini? Naona haya kuyaandika haya: niliogopa kuumbuka kuliko nilivyoogopa homa ya mtoto wa mwenzangu.

Nesi alitoka wodini, akamuuliza bibi anangoja nini. Alipojibiwa, akaja kuinamia kompyuta yangu, akabonyeza mara mbili. Majibu yakafunguka.

"We kaka! Haya si yapo hapa tangu jana?"

Bibi alikuwa ameshasimama, amemshika mtoto mguu.

"Usimgombeze, mwanangu. Tumeungoja mtandao pamoja naye tangu asubuhi. Si ndiyo, baba?"

Benchi zima likanigeukia.

"Ndiyo, bibi," nikasema.