Mawe Kumi na Mawili Yasiyo na Majina

Sogea karibu, mwanangu, nikueleze kazi ambayo huenda hujawahi kuisikia: ukaguzi wa mawe ya makaburi.

Niliianza Guangzhou, kule China, miaka ile kila mtu alipokuwa akikimbilia huko kununua nguo na viatu. Bi Salma, Mzanzibari mwenye ofisi ya kusafirisha mizigo pale mtaa wa Zhanqian, alikuwa amepata mteja wa aina yake. Mteja huyo alitunza makaburi ya askari wa Vita vya Pili vya Dunia kwenye kisiwa cha mbali katika Pasifiki. Upepo wa chumvi ulikuwa umekula maandishi ya mawe ya zamani, hivyo mapya yalikuwa yakichongwa Guangzhou, na Bi Salma akaniajiri niyakague kabla ya kusafirishwa.

Siku ya kwanza Bi Salma alinipeleka kwenye karakana ya wachonga mawe.

"Pitisha ukucha ndani ya herufi. Ukizama, pokea. Ukiteleza, rudisha. Na ukague kabla ya rangi, maana rangi nyeusi huufanya mkwaruzo uonekane shimo. Umeelewa, au unatikisa kichwa tu kama mjusi?"

"Nimeelewa, Bi Salma."

Mawe yenye majina niliyapitia moja moja. Yakabaki kumi na mawili ya askari wasiojulikana. Mvua ilikuwa kubwa, na mwenye karakana, tuliyemwita laoban, yaani bosi, alikuwa ameshayapaka rangi. Niliyatazama kwa macho tu, nikatia sahihi.

Siku mbili baadaye, jiwe la mwisho lilipokuwa likifungwa, niliuweka mkono juu yake. Ukucha ukateleza.

"Laoban, herufi hizi ni za juujuu!"

Akacheka. "Rafiki, hawa hawana majina. Nani atakwenda kuwasoma?"

Kilichoniuma ni kwamba hata mimi nilikuwa nimewaza hivyo hivyo.

Nikampigia simu Bi Salma. Yale mengine kumi na moja yalikuwa yameshaondoka na meli.

"Ningekufukuza leo," alisema.

"Nifukuze. Lakini mjomba wangu alikwenda vita vya Burma, na mpaka leo hatujui alizikwa wapi."

Akaamua: "Hilo moja lichongwe upya. Hayo mengine nitamwandikia mteja ukweli."

Mteja alijibu kwamba meli za kisiwani ni za nadra. Yale kumi na moja yatasimama hivyo hivyo.

Sasa nimestaafu, niko Tanga. Upepo wa bahari ukivuma, huwa najiuliza yamebaki mangapi yanayosomeka.

Siku ukipewa kazi kama hii, wewe utaweza kuliko mimi. Pitisha ukucha kabla ya rangi, na uanze na jiwe lisilo na jina.