Jumamosi za Masuguru

Nyumba zetu zilipangwa mstari mmoja kando ya barabara, upande wa Handeni, na mlango wangu ulitazamana na wa balozi wa nyumba kumi. Kabla ya kuhamia kijiji cha ujamaa tuliishi mbalimbali, kila ukoo na kilima chake. Mtu aliweza kulewa akalala kwenye mihogo yake asionekane. Hapa kikohozi cha jirani ulikisikia. Nilikuwa mke wa mtu, Mwislamu, mama wa watoto wawili, nami nilikuwa mlevi.

Mama mkwe wangu alipika dengelua, pombe ya miwa. Kazi yangu ilikuwa kukamua miwa na kuonja kama pombe imeiva. Kuonja kukageuka kunywa, na kunywa kukawa ndiyo siku yenyewe. Mume wangu alikata mkonge huko Korogwe, akija nyumbani mara moja moja. Kila nilipojaribu kuacha, mikono ilitetemeka hadi jembe likaniponyoka. Nikirudi kwenye mtungi, ilitulia. Niliwahi kukimbilia kwa mama yangu, Kwamsisi. Haukupita muda wazee wakanirudisha kwa mume, yaani kwenye mtungi.

Balozi alikuwa mkali kwa walevi kuliko mtu yeyote kijijini. Siku moja alinisimamisha mkutanoni, watoto wangu wakitazama. "Huyu mama anatuaibisha," alisema, na hakuna aliyenitetea.

Kisha nikaangukia mafiga na kuungua mkono, nikapelekwa hospitali Korogwe. Muuguzi mmoja wa makamo alikuwa akinifunga bandeji. Harufu yangu aliisikia, lakini hakunikaripia. Aliinama akaniuliza, "Mwanangu, unataka kuacha?"

Nililia kabla sijajibu.

"Nenda Masuguru, hapa hapa karibu, Jumamosi baada ya adhuhuri," akasema. "Uliza kwa mnyapara mstaafu wa mkonge. Hapo hukaa watu waliokuwa kama wewe. Wanazungumza tu. Dini yako hawatakuuliza."

Kutoka kijijini kulitaka ruhusa. Nilimwendea balozi nikamwambia nakwenda kubadilishiwa bandeji, naye akakubali bila maneno mengi. Yeye mwenyewe aliondoka Ijumaa. Ilisemekana ameitwa wilayani.

Nyumba ya mnyapara niliipata kwa kuuliza. Nilipiga hodi, mke wake akanikaribisha ndani. Watu wachache walikaa kwenye mabenchi na mkeka, na mmoja wao alikuwa akizungumza, kofia magotini. "Nawafokea mbele ya watu," alikuwa akisema, "halafu naingia ghalani kwangu, natoa chupa chini ya mahindi." Aliinua macho akaniona.

Alikuwa balozi.

Niligeuka nitoke, lakini mke wa mnyapara akanitia kikombe cha chai mkononi. Mnyapara akasema kwa upole, "Kaa, mama. Yanayosemwa hapa hayatoki nje." Nikakaa. Balozi hakuendelea; wengine wakapokea zamu hadi kikao kilipokwisha.

Nilirudi na matumaini niliyokuwa nimeyasahau. Nilikuwa nimesikia watu wazima wakiyataja mambo yangu kana kwamba walikuwa wakikaa jikoni kwangu. Lakini nilipokwenda kuomba ruhusa tena, balozi hakunitazama usoni.

"Kuna palizi kwenye shamba la pamoja. Hakuna kutoka."

Palizi ikaisha, ikaja kazi nyingine. Kila Jumamosi ilikuwa na sababu yake. Nilielewa kwamba ananiogopa, na kwamba siri yake ndiyo kufuli langu. Mahali pekee nilipopata kupumua palikuwa Masuguru, na njia ya kufika ilipita mlangoni kwake. Nikarudi kunywa, safari hii zaidi ya mwanzo.

Asubuhi moja niliamka kwenye makapi ya miwa, mwanangu wa kwanza akinifukuzia nzi usoni. Nikanawa, nikavuka barabara. Mke wa balozi alikuwa akitwanga, balozi mwenyewe akinoa panga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mimi sitasema kitu kwa mtu," nikamwambia. "Lakini ukinizuia kwenda Masuguru nitakufa, nawe utauona msiba wangu kutoka hapo ulipokaa."

Mchi ulisimama. "Masuguru kuna nini?" mke wake akauliza.

Balozi aliweka panga chini, akamweleza mwenyewe: chupa, kikao, safari za wilayani zisizokuwapo. Mke wake alimsikiliza mpaka mwisho.

"Chupa nilizijua tangu hatujahamia hapa," akasema. "Nilichokuwa sijui ni kwamba unataka kuacha."

Jumamosi ile tulikwenda watatu kwa basi, mimi na mke wake kiti kimoja, yeye nyuma yetu. Kikaoni nilizungumza kwa mara ya kwanza, vibaya, nikikatizwa na kilio.

Sikupona siku hiyo. Niliacha nikarudia mara nyingi, naye hivyo hivyo; aliwahi kukosa vikao msimu mzima. Nyumbani mtungi ulibaki palepale, na miwa iliendelea kunisubiri kila asubuhi. Nilimwambia mama mkwe nitakamua, ila sitaonja tena.

"Nani ataonja sasa?" aliniuliza.

"Wewe, mama."

Hakunisemesha masika yote. Niliendelea kukamua, mdomo nimeufunga kwa khanga.