Pedi za Breki za Mke Mwenza

Mtaa wetu mzima hakuna dereva anayenifikia.

Sawa. Mtaa wetu una madereva wanne, mmoja ana mguu kwenye plasta na mwingine ni mkwe wangu. Lakini kunifikia, hawanifikii.

Kwa hiyo fikirieni aibu yangu siku nilipoliangusha geti la nyumba yangu mwenyewe. Asubuhi kweupe. Kwa mwendo ambao bata angenipita, akageuka kunisalimia.

Nilikanyaga breki. Narudia: nilikanyaga!

Gari likaendelea tu, kama mtoto aliyeitwa kuosha vyombo.

Geti likayumba, likafikiri kidogo, likalala.

Binti yangu akatoka mbio na mswaki mdomoni. Ni mwalimu mkuu, sauti yake imezoea kuwafikia watoto mia nane bila kipaza sauti.

"Mama! Unaniona? Hivi ni vidole vingapi?"

"Vitatu. Na kimoja kina dawa ya meno."

"Macho hayo," akamwambia mumewe, kana kwamba mimi ni kabati. "Si nilisema? Operesheni bado mbichi."

Jamani! Nilikuwa nimetoka kutolewa mtoto wa jicho. Nilikuwa naona kuliko wao wote. Geti nililiona vizuri sana, hata kutu yake.

"Si macho," nikasema. "Ni breki."

"Basi ni mguu, Mama. Mguu wako umekuwa mzito."

Mkono wake ukaingia dirishani, ukachomoa funguo, ukazitia kwenye mkoba. Zipu ikafungwa.

Miaka sabini na tatu ya heshima yangu ikabaki ndani ya mkoba, pamoja na chaki.

Najua mnafikiri ni kijigari cha kumpeleka bibi kliniki. Thubutu!

Ni gari la spoti. Jekundu, viti viwili, limekaa chini kiasi kwamba kuingia naingia mwenyewe, ila kutoka natolewa. Marehemu mume wangu alilipenda mpaka mimi nikaliita Mke Mwenza. Mke Mwenza aliogeshwa kwa maji ya uvuguvugu. Mimi niliyakuta ya baridi.

Wikiendi marehemu alikuwa akilipeleka kwenye uwanja wa mbio za magari. Ijumaa jioni anafungua pedi za breki za barabarani, anafunga za uwanjani. Jumapili anarudisha zile za kwanza. Pedi, kwa msiojua, ni vile vibao vinavyoibana diski ya gurudumu ili gari lisimame.

Mimi nikiwa dirishani jikoni, nilikuwa namwona anavyotoka bandani mpaka getini. Anakanyaga breki, analegeza. Anakanyaga, analegeza. Gari linaenda kama lina kwikwi.

Siku moja nikamuuliza, vipi, umesahau kuendesha?

"Mke wangu," akasema, "hizi za uwanjani zikiwa baridi hazishiki. Lazima nizipashe kwanza."

Kumbe Mke Mwenza anapashiwa breki, na mimi hata chai najipashia.

Alipofariki nilijifunza kuliendesha. Kwa hasira, siwadanganyi. Lakini tulizoeana. Leo ndiye pekee nyumbani anayenipeleka sokoni bila kuniuliza kama nimekunywa dawa.

Na sasa nimenyang'anywa.

Siku tatu nilikaa sebuleni kama mzigo unaosubiri mwenyewe. Kila aliyekuja kunipa pole kwa ajili ya geti alipiga kelele, kana kwamba macho yakifanyiwa operesheni masikio nayo yanaziba. Kliniki nilipelekwa na mkwe wangu kwenye gari lake jeupe. Mkwe wangu ni daktari wa meno, mtu mpole, anaendesha kama amebeba trei ya mayai. Tulipitwa na mama mwenye toroli la maji. Tukapitwa tena na huyo huyo, akirudi.

Usiku wa tatu, mezani, binti yangu akatangaza kama yuko mstarini shuleni.

"Jumamosi kuna mtu anakuja kulitazama lile gari. Tunaliuza."

Kijiko kikanitoka mkononi.

"Tunaliuza wewe na nani?"

"Mama, leo ni geti. Kesho ni mtoto wa watu."

Kama kweli ni mguu wangu, basi anasema kweli. Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Nililala nikikanyaga ubao wa kitanda, mguu wa kulia, tena na tena, nijue kama bado upo.

Lakini kabla sijaenda kulala, mkwe wangu alikuwa amekohoa.

"Mimi naona tusiliuze," akasema. "Tulifunike tu na turubai. Nitakuwa naliwasha mara moja moja, lisioze."

"Wewe?" mkewe akacheka. "Wewe unayeliogopa hata kulisogelea?"

"Ndiyo maana nikasema mara moja moja."

Nikalishika neno hilo, nikaliweka pembeni.

Kesho yake wote wawili walipoenda kazini, nikampigia simu fundi wangu, Fundi Miwani. Tunamwita hivyo kwa sababu anavaa miwani mbili, moja juu ya nyingine.

"Wewe! Umenifungia nini kwenye gari?"

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umenifungia nini?"

Alikuja na jeki na uso wa mtu aliyesingiziwa. Miezi miwili nyuma alikuwa amenipangia pedi za aina mbili juu ya benchi lake, akaniuliza swali moja tu.

"Mama, unataka gari lisimame mara ya kwanza, au mara ya hamsini?"

Akanifafanulia. Pedi za barabarani zinashika hapo hapo, hata asubuhi ya baridi, hata kwa mguu wa bibi. Lakini ukizipeleka uwanjani, ukazunguka kwa kasi, ukikanyaga kila kona, zinachemka, zinanuka, breki inalainika chini ya mguu kama unakanyaga mkate. Za uwanjani ni kinyume chake. Kwenye moto ndiko zinakofurahi. Zikiwa baridi ni kama umefunga mbao, na diski zinaitafuna, na kelele zake utadhani umembana paka.

"Hakuna ya kufanya yote mawili?"

"Ipo ya katikati. Inafanya yote mawili, na yote mawili inayafanya nusu nusu."

Nikachagua za barabarani. Mimi mara ya hamsini naipatia wapi? Nyumbani mpaka sokoni kuna kona sita.

Sasa Fundi Miwani akafungua gurudumu, akainama, akavua miwani moja, akavaa tena.

"Mama, hizi si zangu."

"Kila fundi husema hivyo!"

"Zangu ulizipaka rangi ya kucha."

Ni kweli. Kuna fundi mmoja wa zamani aliwahi kunioshea pedi kuukuu akanirudishia kama mpya, na tangu siku hiyo kila pedi inayoingia kwa Mke Mwenza naipaka alama nyekundu kwa mkono wangu mwenyewe, kabla haijafungwa.

Hizi hazikuwa na alama.

"Hizi ni za uwanjani," akasema. "Mpya. Na tazama diski."

Diski ilikuwa na rangi ya bluu bluu, kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.

"Huo ni moto, Mama. Hili gari limekimbizwa. Limekimbizwa haswa."

"Lini?"

"Wewe ndiye ungeniambia."

Mimi nilikuwa kwa dada yangu siku kumi, nikiuguza jicho. Nilirudi siku moja kabla ya siku niliyosema, kwa sababu dada yangu anakoroma; aliyezifunga hizi hakupata siku ya kuzitoa, na kesho yake nikaliangusha geti. Na funguo niliziacha wapi? Kwenye msumari wa jikoni, ambapo kila mwenye mkono anazifikia.

Unajua ile hasira inayokuja na furaha ndani yake? Nilitaka kulia, nikataka na kucheza. Mguu wangu ulikuwa mzima!

"Nizitoe?" fundi akauliza.

"Ziache. Rudisha gurudumu, chukua jeki yako, na hukuja hapa."

Jioni nikawa mnyenyekevu mpaka binti yangu akanishika paji la uso kuona kama nina homa.

"Liuzeni," nikasema. "Ila asiuziwe mtu gari bovu. Kesho asubuhi mkwe wangu anipeleke nalo kwa fundi, taratibu tu."

Mkwe akaruka kidogo kitini.

"Mimi, Mama? Sijawahi hata kukalia kiti chake."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Breki zenyewe sijui zikoje."

"Utajifunza, mwanangu."

Sasa, somo naliweka hapa hapa, maana nikiliweka mwisho mtakuwa mnacheka na hamtalisoma. Chagua pedi kwa barabara unayoipita kila siku, usichague kwa ile unayoiota. Na ukimbadilishia mtu breki, mwambie. Haijalishi unamheshimu kiasi gani, unamwamkia mara ngapi. Mtu anaweza kufa kwa siri ya mtu mpole. Mimi nilipata geti. Je, kama ningekutana na mtoto?

Haya, turudi.

Asubuhi kulikuwa na baridi kali. Binti yangu akasimama pale geti lilipokuwa, mkoba kifuani, tayari kunionyesha jinsi gari linavyoendeshwa na mtu mwenye akili timamu. Mimi nikaingizwa kiti cha pembeni. Mkwe wangu akakaa kwenye usukani, akaupapasa kama mgeni. Hodari wa kuigiza, nikampa maksi.

Akaliwasha. Tukatoka bandani.

Akakanyaga breki, akalegeza.

Akakanyaga, akalegeza.

Hatua arobaini kutoka bandani mpaka getini, gari lina kwikwi. Nilifumba macho kidogo. Nilidhani mume wangu amerudi.

Tukasimama mbele ya binti yangu, nusu hatua tu kutoka kwenye viatu vyake.

"Umeona, Mama?" akasema kwa ushindi. "Breki nzima. Tatizo ni mguu."

"Nimeona," nikasema. Nikamgeukia dereva wangu. "Mkwe, mbona ulikuwa unazipasha?"

"Kupasha nini, Mama?"

"Breki. Kanyaga, legeza."

"Aah... hiyo ni kawaida tu. Kila gari huwa nafanya hivyo."

Binti yangu akaacha kutabasamu.

"Gari gani?" akauliza. "Nimepanda na wewe miaka kumi na moja. Sijawahi kukuona."

"Ni... kwa ajili ya baridi, mke wangu."

"Na ile Jumamosi Mama akiwa kwa mama mkubwa? Kongamano la madaktari wa meno?"

"Lilikuwepo! Tulikuwa ukumbini siku nzima. Mihadhara mitupu. Ya fizi."

Alisema kwa uso mkavu kabisa, na mkewe akaanza kuyumba kidogo, karibu kuamini. Nikaona nisipowahi, nitazikwa na mguu mzito usio wangu.

Kwa hiyo nikamgusa bega, kwa upole, kama wapenzi wa magari wawili wanaopiga soga zao.

"Mkwe wangu, hebu nisaidie kitu kimoja. Zile pedi zangu zenye rangi ya kucha zilianza kulainika mzunguko wa ngapi?"

"Wa nne, Mama," akasema, macho yakamwaka. "Wa tano nikakanyaga mpaka chi—"

Sijawahi kumwona daktari wa meno akifumba mdomo haraka vile.

Zipu ya mkoba ikafunguka.