Nilimwambia Daktari Ana Njaa

Nimekosa, na hata watu wa kanisani kwangu sijawaambia. Karibu nimuue mtu kwa mdomo wangu huu.

Mimi ni Mkenya wa bara kabisa, Kericho. Hapa Doha ni mhudumu katika kituo cha kutibu watu wa dawa za kulevya, huku Abu Hamour. Akija mgonjwa wa Afrika Mashariki, daktari huniita nitafsiri. Mwanzoni aliniuliza kama Mkenya, Mganda na Mtanzania wanaelewana. Nikajibu kwa kiburi, "Daktari, sisi sote ni kitu kimoja!" Wueh! Ningejua!

Basi akaletwa kijana wa Zanzibar, mpishi wa hoteli Al Sadd, mtu wa heroini. Wenzake wodini walikuwa Wakenya wa pombe, wanasimulia mambo yao kwa sauti bila haya. Yeye akajifunika shuka, kimya. Nikaona ni maringo tu.

Asubuhi moja akanishika mkono. Jasho linamtoka na AC iko juu kabisa!

"Dada, n'na arosto. Mwambie daktari, n'nakufa mie."

Arosto? Sikuwahi kulisikia neno hilo. Kwetu walevi ni wa chang'aa na busaa. Daktari amesimama hapo, kalamu mkononi: "Anasema nini?"

Nikaona aibu kusema sijui. Nikafikiri, huyu ni mpishi, labda anataka rosti.

"Anasema ana njaa. Amechoka na chakula cha hapa."

Daktari akatabasamu. "Njaa ni dalili nzuri. Leo tumpunguzie ile dawa ya kumwachisha heroini." Tuliongea Kiingereza cha haraka. Kijana wa watu amefumba macho, meno yanagongana.

Mchana nikamkuta sakafuni chooni, ametapika, amejiharishia, miguu inapiga vigae. Nikapiga nduru! Dada wa usafi, mtu wa Tanga, akaja mbio.

"Si alikwambia ana arosto? Nilimsikia asubuhi nikipiga deki! Mwili unadai unga, hiyo heroini, dada, hujui?"

Nikakimbia kumwita daktari.

Na hapa ndipo nilipokosa zaidi. Daktari alipofika akauliza amekula nini, akidhani chakula kimemdhuru. Nikanyamaza! Nikawaza kazi. Nikawaza kurudishwa nyumbani, na karo ya watoto. Wao wanahangaika na tumbo lake, presha inashuka, na yule dada wa usafi ananitazama tu. Mungu wangu, yale macho!

Mwishowe nikalia, "Daktari, nilidanganya! Sikuelewa alichosema!"

Wakamrudishia dawa yake, kijana akapona. Mimi nikatolewa wodini, sasa niko dobi, na meneja akiniita najua ni tiketi ya kurudi. Kijana hataki tena mtafsiri yeyote. Anajikongoja na Kiingereza chake cha jikoni.

Tulikutana koridoni. Nikasema, "Nisamehe, kaka."

Hakunitukana. Alisema, "Dada, ungeniuliza tu. Ningekueleza."

Hilo ndilo linaloniua! Sentensi moja tu.

Wewe unayeitwa kusemea mgonjwa huku Uarabuni, usijidanganye kwamba Kiswahili ni kimoja na shida ni moja. Mtu wa Unguja si mtu wa Kericho. Kama hujui neno, sema hujui, hata mbele ya daktari, hata ukichekwa. Muulize mwenye maumivu. Muulize kabla hajanyamaza!