Mishale Minne Niliyompiga Binti wa Fundi

Fundi aliyenifundisha kazi ya moteri za bwato hapa Baraka, mji wa kando ya ziwa, alikuwa na binti mmoja. Nilipoanza kazi kwake nilikuwa na miaka kumi na tisa, na yule binti alikuwa bado shule ya msingi. Akitoka masomoni alikuja na daftari zake, akakaa juu ya bido tupu la mafuta, akatuangalia. Miaka mitano mimi niliosha kabureta, nikabeba moteri begani kutoka majini mpaka karakana, nikaungua vidole. Yeye alikaa tu.

Siku moja mvuvi alileta moteri inayokohoa. Nilikuwa nimeshaifungua nusu nzima, vyuma vimetapakaa chini, binti akasema kutoka palepale juu ya bido, "Baba, iko inavuta hewa. Ule mupira umepasuka." Tukatazama. Mpira wa kupitisha esanse, yaani petroli, ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Baba yake alicheka mpaka akafuta machozi, na wiki nzima akawasimulia wateja. Nilicheka nao. Lakini tangu siku ile nilimuonea wivu mtoto mdogo, na nilijua kuwa ni aibu.

Fundi alipofariki nilibaki na karakana. Binti alikuwa ameolewa Ubwari, na sanduku la funguo za kufungulia moteri baba yake alimwachia yeye. Kule Ubwari alianza na moteri ya shemeji zake, kisha ya jirani, kisha kijiji kizima. Nilizisikia habari zake kwa wateja. "Mwenzako wa Ubwari ameshaitengeneza," waliniambia. Nami nilijibu, "Ndiyo, yule ni mdogo wangu, mimi ndiye niliyemfundisha." Ulikuwa uongo. Kila nilipousema ulinitoka kwa urahisi zaidi.

Miaka miwili iliyopita mteja mmoja alinionyesha kwenye simu mahali ambapo mafundi wa moteri wanaulizana kwa Kiswahili. Mtu anaandika swali, wengine wanajibu, na wasomaji wanapiga mshale: wa juu kama jibu limesaidia, wa chini kama jibu ni baya. Wa juu unaongeza namba kando ya jibu lako, wa chini unaipunguza. Aliyepiga haonekani. Nilijiandikisha kwa jina la kubuni na nikaanza kujibu. Watu wa mbali, ambao hawatawahi kufika Baraka, walikuwa wananiita mwalimu. Nilinunua mega za intaneti kabla ya kununua sabuni.

Kisha mtu akauliza hivi: moteri yangu inawaka vizuri, baada ya dakika tano inazima, nikisubiri kidogo inawaka tena, shida ni nini? Niliandika jibu refu. Nilitaja bujii, ile plagi ya kuwasha moto, nikataja pampu ya maji, nikaeleza namna ya kufungua kabureta hatua kwa hatua. Chini yangu mtu mwingine akaandika mistari miwili tu: "Angalia kizibo kidogo cha hewa juu ya tanki. Kama kimefungwa, esanse haishuki."

Haikupita saa moja, mwenye swali akarudi. "Ni hicho! Mungu akubariki." Mishale ya juu ikamiminika, yote kwa yule wa mistari miwili. Nikasoma jina. Alikuwa binti wa fundi, kwa jina lake kamili, na kijiji chake cha Ubwari kando yake.

Jibu lilikuwa sahihi, na ni jambo ambalo baba yake alituambia wote wawili. Nikaweka kidole kwenye mshale wa chini, nikabonyeza. Kikafunguka kisanduku cha kuandika sababu, kwa anayetaka. Nikakifunga. Ningeandika nini?

Katika mwezi ule nilimpiga mingine mitatu. Kila mara nilisoma jibu lake kwanza nikitafuta kosa, sikuliona, nikapiga hivyohivyo.

Siku ya soko akaja Baraka kununua bujii, akapita karakana kunisalimia. Alikuwa na daftari mkononi.

"Yaya, kaka yangu, mi nakuja unisaidie," alisema. "Iko kwa simu mahali mafundi wanajibiana. Muntu ananipiga mushale wa chini, mara tano sasa, na hasemi kosa langu ni gani."

"Labda ni watu wa fujo," nilimwambia. "Achana nao."

"Hapana, yaya. Kama nadanganya bantu, bwato itazima katikati ya ziwa na bamama ndani. Yale majibu nimeyafuta kwanza. Niliyaandika hapa ili tuyaangalie pamoja."

Alikuwa ameyafuta. Jibu la kizibo cha hewa, lililomwokoa mtu, halikuwepo tena, kwa sababu aliamini kwamba anayenyamaza anajua kitu kuliko yeye. Nilichukua daftari ili nisimtazame usoni. La kwanza, sahihi. La pili, sahihi. La tatu na la nne vilevile, na mwandiko ulikuwa mzuri kama wa baba yake. Nilisema, "Haya hayana kosa."

La tano sikuwa ninalijua. Lilihusu moteri iliyozama ziwani: itoe, alikuwa ameandika, iweke juani siku mbili ikauke kabisa, ndipo uifungue. Ndivyo baba yake alivyotufundisha, na ndivyo mimi nilivyofanya maisha yangu yote.

"Hili pia ni sawa," nilisema. Lakini mshale ule haukuwa wangu. Kuna mtu mwingine alikuwa ameupiga, na kwa mara ya kwanza nikauliza moyoni kilichokuwa kinamsumbua binti: kwa nini?

Nikamshauri alirudishe jibu hilo, aandike chini yake, "Aliyepiga mshale, tafadhali tueleze." Akafanya hivyo palepale, akashika bwato la kurudi Ubwari.

Baada ya siku nne mtu akajibu. Aliomba samahani. Alisema zamani alikuwa anaeleza sababu kila mara, mpaka mtu mmoja akamtukana wiki nzima, tangu hapo anapiga na kwenda zake. Kisha akaeleza: chuma kilicholowa ndani kikikutana na hewa kinaanza kutu mara moja. Toa bujii, mwaga maji, tia mafuta ndani, zungusha kwa mkono, iwashe siku ileile. Kuiweka juani ni kuiua. Nilikumbuka moteri tatu au nne zilizokufa mikononi mwangu, na namna nilivyowaambia wenyewe kwamba ni za bei rahisi.

Binti alinipigia simu akiwa na furaha. "Yaya, umeona? Alikuwa na sababu! Basi hata wale bengine bane bako na sababu. Nitayasoma tena yote mpaka niipate."

Angeitafuta mwaka mzima. Nikamwambia, "Usitafute. Mishale ile minne ni mimi."

Nilisikia kuku upande wake.

"Kosa lilikuwa gani?"

"Hakuna kosa. Ni wivu."

"Wivu wa nini? Uko na karakana ya baba."

Nilianza kumsimulia siku ya ule mpira, akanikatiza.

"Nilifuta majibu mazuri," alisema polepole. "Bantu walikuwa banayasoma." Akakata simu.

Aliyaandika upya yote manne, namba zake zikaanza tena kwa sifuri. Nilimtumia ujumbe kwamba nitampigia mshale wa juu kwa kila moja. Akajibu kwa maneno matatu: "Wako sitaki, yaya." Tulikaa karibu miezi miwili bila kusalimiana, na wateja wa Ubwari walipomtaja niliacha kusema kwamba nilimfundisha.

Sasa natumia jina langu, na sipigi mshale wa chini bila kuandika neno. Mwezi uliopita niliona kosa la kweli katika jibu lake, kuhusu kipimo cha kuchanganya mafuta na esanse. Niliandika sababu, mistari sita. Alirekebisha siku ileile, akaweka: "Asante, yaya." Nilifurahi, na sitadanganya, sehemu kubwa ya furaha ile ilikuwa ya kumwona amekosea. Kesho yake fundi mmoja wa huko Makobola akaandika chini ya maelezo yangu kwamba moteri za zamani zina kipimo kingine. Nikaenda kuangalia kipimo kilichoandikwa kwenye moteri ya zamani iliyokuwa karakana. Alisema kweli: hata maelezo yangu yalikuwa na kasoro.