Majani ya Maboga Zahanati

Wiki iliyopita nilikuwa nimekaa kwenye benchi la zahanati moja huku Maretadu, ukungu bado umelala juu ya mashamba. Kando yangu alikaa bibi mmoja na mke wa mwanawe. Tangu amzike mumewe, mkwe alieleza, bibi hakuwa anakula.

Muuguzi, mgeni kutoka Tanga, alichuchumaa mbele yake. "Shikamoo, bibi. Moyo wako unatamani nini?"

"Majani ya maboga," alisema. "Machanga, ya mvua hizi."

Muuguzi alituomba radhi tuliobaki, akaenda kuchuma bustanini nyuma ya nyumba yake, akayatoa nyuzi na kuyabandika jikoni. Harufu ilipotufikia, benchi zima liliinua pua.

Alipoletewa bakuli, bibi alionja, akafumba macho, akatafuna taratibu. "Mwanangu, sisi huku tunatia maziwa."

"Nifundishe, bibi."

"Nitakuja Alhamisi," alisema, akalivuta bakuli karibu. Mkwe wake aligeukia dirishani, akajifuta machozi.

Mimi nilikuwa nimeletwa na maumivu ya tumbo. Zamu yangu ilipofika, nilimwambia muuguzi ukweli kwamba tumbo lilikuwa limebaki na njaa tu.